Nisome afya ya jamii komyuniti koleji, au nifuate unesi kama wanavyosema wote?

Dada mmoja kaniandikia barua ndefu, nitaifupisha ili na wengine mfuatilie. Ana miaka 31, yupo Texas huu mwaka wa tatu, aliingia na grini kadi, anafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, ana mtoto mmoja. Kidato cha sita alimaliza mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, biolojia). Komyuniti koleji iliyo karibu na anapokaa ina digrii ya miaka 2 ya afya ya jamii na roho yake imeangukia hapo, ila mume, wifi na kila mtu kazini anamwambia asome unesi, hiyo afya ya jamii haina kazi. Anauliza: ni kweli haina kazi? Akitaka kuendelea chuo kikuu krediti zake, yaani vile vipimo vya madarasa aliyosoma, zitakubalika? Na hela inatoka wapi?

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu halafu maelezo yafuate, manake najua unasoma hii ukitoka shifti macho yanafumba. Soma, lakini ile digrii ya miaka 2 ihesabu kuwa ni nusu ya kwanza ya digrii ya miaka 4, unainunua kwa bei nafuu, na wakati unaisoma chukua cheti kifupi cha pembeni kitakachokupa kazi ya afya ya jamii hata kabla hujamaliza. Ukiisoma yenyewe tu ukaitundika ukutani ukasubiri simu ya kazi, basi wifi yako atakuwa amesema kweli, na mimi nitakuwa nimekudanganya.

Sasa kwanza tuelewane afya ya jamii ni nini, coz nimefundisha darasa la utangulizi miaka kadhaa na kila muhula theluthi ya darasa wanadhani wamekuja kujifunza kupima presha. Chukua hapo hapo unapofanya kazi. Sema leo usiku wazee wanne wa korido moja wanaanza kutapika na kuharisha. Nesi anashughulika na mzee wa chumba namba 12, anampa maji, anaangalia dawa zake, anampigia daktari. Mtu wa afya ya jamii anachukua karatasi anachora mistari: jina, chumba, saa ngapi dalili zimeanza, alikula nini, nani alimhudumia, alikaa meza gani wakati wa chakula. Hamtibu mtu hata mmoja. Anachotafuta ni kwa nini hawa wanne na sio wale wa korido ya pili, na kesho wasije wakawa kumi na mbili. Kama wewe ukiwa kazini unajikuta unajiuliza maswali ya namna hii ya pili, roho yako imechagua sawa. Kama raha yako ni kumshika mkono yule mzee wa chumba 12 mpaka apate nafuu, nakwambia kwa upendo, kasome unesi, wala usione umeshindwa.

Ngoja nikupe zoezi ambalo karibu kila anayesoma epidemiolojia, yaani somo la kufuatilia magonjwa yanavyosambaa, Marekani amelipitia, ujionee ladha yake. Tarehe 18 Aprili 1940, kanisa moja kwenye kaunti ya Oswego, jimbo la New York, waliandaa chakula cha jioni. Walihudhuria watu 80, wachunguzi waliwahoji 75, na kati yao 46 waliumwa, kutapika na tumbo. Menyu ilikuwa ndefu. Sasa huwa nawauliza wanafunzi nani mtuhumiwa, wote wanarukia paja la nguruwe la kuoka, manake watu 29 walioumwa walilila, unaona namba kubwa unasema ndo huyu huyu. Nawaambia subirini. Waliokula hiyo nyama walikuwa 46, wakaumwa 29, ni kama asilimia 63. Ambao hawakuigusa kabisa walikuwa 29, wakaumwa 17, asilimia 59. Kwa hiyo ule usile, unaumwa karibu sawa sawa, nyama haina kesi. Tunahamia aiskrimu ya vanila. Waliokula 54, wakaumwa 43, karibu asilimia 80. Ambao hawakula 21, wakaumwa 3 tu, asilimia 14. Gawanya 80 kwa 14 unapata zaidi kidogo ya mara tano na nusu. Hapo darasa linanyamaza. Na kila muhula kuna mmoja nyuma kule ananyoosha mkono, mwalimu, na wale 3 ambao hawakula aiskrimu wakaumwa, je? Huyo namwandika jina pembeni, manake ndiye mwenye kipaji: anajua jibu la 80 kwa 14 halifuti wale watatu, huenda mmoja alisahau alichokula, huenda mwingine aliumwa na kitu kingine kabisa, lazima uwafuate.

Umeona hesabu iliyotumika? Ni kugawanya. Sio kalkulasi. Nalisema hili kwa sababu umeandika "hesabu zilinitupa". Hesabu unayoihitaji ni takwimu, na mtu aliyemaliza PCB anaiweza, amini.

Haya, kwa nini watu wako hawaijui hii digrii? Hawana ubaya, ni ngeni kweli. Shule ya afya ya jamii ya Johns Hopkins ilianzishwa 1916, na kwa miongo mingi hili lilikuwa somo la watu wa masters, daktari au mhandisi aliyeshamaliza kwanza mambo yake. Mwaka 2003 ndo Institute of Medicine ikatoa ripoti kushauri kwamba wanafunzi wa digrii ya kwanza nao wapewe nafasi, na 2014 chama cha shule za afya ya jamii pamoja na jumuiya ya komyuniti koleji wakatoa mapendekezo ya mitaala ya miaka 2. Yaani ni juzi tu. Matokeo yake ni haya: nesi wa miaka 2 ana mtihani wake wa taifa, ana leseni, tangazo la kazi linamtaja kwa jina. Wewe wa afya ya jamii wa miaka 2 huna mtihani wala leseni, na matangazo mengi ya kazi hayajui kama upo. Hicho ndicho watu wako wanakiona wanaposema haina kazi, na hapo wana hoja.

Tuongee hela bila kuoneana haya. Kwa takwimu za idara ya kazi za Mei 2024, nesi aliyesajiliwa wa katikati analipwa kama dola 93,600 kwa mwaka. Mhudumu wa afya ya jamii, wale wanaoitwa CHW, ni kama 51,000. Mtaalamu wa elimu ya afya, ambaye kwa kawaida ana digrii ya miaka 4, ni kama 63,000. Epidemiolojisti, ambaye kwa kawaida ana masters, ni kama 84,000. Kwa hiyo kama shida yako kubwa ni kodi ya nyumba na una miaka miwili tu ya kujibana, unesi unashinda na mimi sina la kubishana na wifi. Afya ya jamii inalipa polepole na inakudai shule zaidi. Nimeona watu wakiingia huku kwa kudhani ni njia ya mkato ya kuukimbia mtihani wa unesi, wakafika mwaka wa pili wakakasirika. Usije huku kwa kukimbia kitu.

Lakini "haina kazi" si kweli. Mwaka 2025 hapo hapo Texas, surua ilianzia kaunti ya Gaines mwezi Januari ikasambaa magharibi ya jimbo, mpaka jimbo linatangaza tarehe 18 Agosti kwamba mlipuko umeisha walikuwa wamehesabu wagonjwa 762, na watoto wawili wa umri wa shule walifariki, wote hawakuwa wamechanjwa. Jiulize nani alikuwa anapiga simu nyumba kwa nyumba kuuliza nani mwingine alikuwa chumba kimoja na mgonjwa, nani alifungua kliniki za chanjo wikendi, nani alihesabu zile siku 42 bila mgonjwa mpya kabla ya kutangaza mwisho. Na kwa nini 42? Kwa sababu virusi vya surua vinaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla dalili hazijatoka, unazidisha mara mbili ili uwe na uhakika mnyororo umekatika. Hiyo yote ni kazi, na wengi walioifanya sio madaktari.

Upande wa pili wa shilingi nao usikie. Kazi nyingi za idara za afya zinalipwa na ruzuku, na ruzuku ikikatwa kazi inakwenda nayo. Machi 2025 serikali kuu ilitangaza kufuta ruzuku za zaidi ya dola bilioni 11 zilizokuwa zinakwenda kwa majimbo na idara za afya, kesi zikafunguliwa mahakamani, na huku chini watu walishaanza kupewa barua za kuachishwa. Kwa hiyo siku ukiitwa kwenye usaili usione aibu kuuliza: nafasi hii inalipwa na bajeti ya kaunti au ya ruzuku, na ruzuku inaisha lini? Mwajiri mwenye akili hatakuona mjeuri.

Sasa cheti cha pembeni nilichokisema. Texas ina cheti cha jimbo cha CHW, kinapatikana kwa mafunzo ya saa 160 kwenye kituo kilichoidhinishwa, na komyuniti koleji kadhaa zinayatoa. Zile saa zimegawanywa kwenye stadi nane, saa 20 kila moja: mawasiliano, kuhusiana na watu, kuratibu huduma, kuijengea jamii uwezo, utetezi, kufundisha, kupanga kazi, na maarifa yenyewe ya afya. Kuna na njia ya uzoefu, ukionyesha umefanya kazi hizo kwa saa 1,000. Cheti kinadumu miaka 2, kukihuisha unahitaji saa 20 za masomo ya nyongeza. Ulizia koleji yako kama wanaweza kukuhesabia hayo mafunzo kuwa krediti za digrii, maana kuna zinazofanya hivyo na kuna zisizofanya, na tofauti yake ni muhula mzima.

Na hapa nikushtue kidogo: una mtaji ambao hukuuandika kwenye barua hata mara moja. Kiswahili. Texas imepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, wengi wanaongea Kiswahili, na hospitali au kliniki inayopokea pesa ya serikali kuu inabanwa na sheria ya haki za raia ya 1964 kumhudumia mtu kwa lugha anayoielewa. Kuna mafunzo ya ukalimani wa kitabibu, kiwango cha chini ni saa 40. CNA mwenye cheti cha CHW, anayeongea Kiswahili, yupo katikati ya digrii, huyo kwenye kliniki ya wakimbizi au kitengo cha kifua kikuu cha kaunti anasikilizwa. Kifua kikuu hasa nakutajia kwa makusudi. Kuna kazi ya kwenda nyumbani kwa mgonjwa na dawa, unamwangalia anameza, unaandika, unaondoka, wiki baada ya wiki kwa miezi. Inaonekana ndogo. Mimi nilianzia hapo, na nakwambia kugonga mlango wa mtu anayeona aibu kuumwa, ukaongea naye mpaka akafungua, hiyo stadi sijawahi kumuona mtu akiijifunza kwenye slaidi.

Haya, krediti. Hapa ndo pa kukaza macho, manake ndo panapoumiza wengi, nikiwemo.

Digrii ya miaka 2 ni kama krediti 60, ya miaka 4 ni kama 120, na mtu anadhani basi 60 ukizipeleka zinabaki 60. Hapana. Kuna digrii za miaka 2 zinazotengenezwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu, zinaitwa AA au AS, na kuna zinazotengenezwa kwa ajili ya kazi moja kwa moja, AAS, yaani Associate of Applied Science. Ile A ya katikati imewatoa watu machozi. Mimi nilichukua AAS bila kuuliza, nilipohamia chuo kikuu kimoja wakanikubalia madarasa ya jumla tu na krediti 19 zikaachwa pembeni, yaani zimeandikwa kwenye transkripti lakini hazihesabiki kwenye digrii. Muhula mzima na zaidi, na hela, nikaurudia. Hakuna aliyenidanganya, hakuna aliyeniambia pia, na mimi sikuuliza. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote angalia digrii ya koleji yako imeandikwa herufi gani. AAS sio mbaya, kuna digrii za miaka 4 za BAAS zinazozipokea vizuri, ila kama unataka digrii ya afya ya jamii yenyewe, tafuta AA au AS.

Texas imekurahisishia kwa mambo mawili. Kwanza madarasa yana namba za pamoja kwa vyuo vya umma, kwa hiyo MATH 1342, ambayo ni takwimu, ni MATH 1342 ukiisoma Houston au Amarillo. Pili kuna msingi wa jumla wa krediti 42, ukiumaliza wote kwenye chuo kimoja cha umma, chuo kingine cha umma kinalazimika kuupokea kama furushi moja badala ya kuuchambua darasa kwa darasa. Hilo furushi lina historia ya Marekani mara mbili, HIST 1301 na 1302, na serikali mara mbili, GOVT 2305 na 2306, na najua utalalamika, wote tunalalamika, nani kakwambia mtu wa PCB anataka kusoma vita vya 1812, ila soma tu.  Angalia lakini, hii kanuni ni ya vyuo vya umma ndani ya Texas, ukienda chuo binafsi au jimbo jingine mambo yanajadiliwa upya.

Sasa ujanja ni kuanzia mwisho. Usianze na katalogi ya koleji yako, anza na chuo kikuu unachotaka kumalizia. Texas A&M wana digrii ya kwanza ya afya ya jamii, UT Austin wanayo, na vipo vingine, pengine karibu zaidi na unapokaa. Chagua viwili, fungua mpango wao wa digrii, uprinti, uweke mezani na mpango wa koleji yako ubavuni, kalamu mkononi, kila darasa la koleji litafute upande wa pili. Lisiloonekana upande wa pili liwekee alama ya kuuliza. Halafu waandikie washauri wa masomo wa vyuo vyote viwili, kwa imeili, nasema imeili kwa sababu ya simu hata Mungu hana kumbukumbu yake. Uliza hivi tu: nikimaliza digrii hii hapa, krediti ngapi zitahesabika kwenye digrii yenu ya afya ya jamii, kuhesabika kwenye digrii, sio kupokelewa tu. Majibu yatunze. Mshauri anaweza kuhama kazi, imeili inabaki.

Utakutana pia na mtu atakayekutisha kwamba koleji yako haina ithibati ya CEPH. CEPH ndo wanaothibitisha programu za afya ya jamii, ni kweli, lakini wao wanaanzia digrii ya miaka 4 kwenda juu. Koleji yako inachohitaji ni ithibati ya chuo chenyewe, kwa Texas ni SACSCOC. Chuo kikuu utakachohamia ndo uulize CEPH, hasa kama unawaza masters mbele.

Kwenye hela umebahatika kuliko unavyofikiri. Una grini kadi, kwa hiyo unastahili kuomba msaada wa serikali kuu kama raia. Unajaza FAFSA, fomu ya kuomba huo msaada, ni bure, kwenye tovuti ya StudentAid.gov. Wapo watu wetu wenyewe wanawatoza wenzao dola mia na zaidi kuijaza, usitoe hata senti, koleji ina ofisi ya msaada wa fedha watakaa na wewe. Mume wako kama mnajaza kodi tofauti naye atatakiwa kuingia na kutoa ridhaa yake, mwambie mapema. Pell Grant, msaada wa serikali kuu, kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, sio mkopo kwa hiyo huirudishi, na inapungua kulingana na kipato chenu na krediti unazosoma: krediti 12 kwa muhula ni kamili, 9 ni robo tatu, 6 ni nusu. Ada ya komyuniti koleji ukiwa mkazi wa wilaya yao mara nyingi Pell inaimaliza na vitabu juu. Wewe umeshapita miezi 12 Texas kwa hiyo suala la ukazi lisikusumbue sana, ila hakikisha anwani yako ipo ndani ya wilaya ya koleji, manake mtaa wa pili tu unaweza kuwa nje na bei ikapanda. Na mwajiri wako, muulize HR kama wana msaada wa ada. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kukusaidia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Wengi wanayo hii programu na hawaitangazi, iko kwenye kile kitabu cha wafanyakazi ambacho sote tulisaini bila kusoma.

Tahadhari mbili za Pell. Ina kikomo, kama mihula 12 ya kusoma kamili kwa maisha yako yote, kwa hiyo usiile kwenye madarasa ya kupapasa ukaja kuikosa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Na ukiacha masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya hela inadaiwa irudishwe, na deni hilo linakuzuia kujiandikisha tena. Nimewaona wanafunzi wazuri kabisa, mtoto kaumwa wiki ya tano, wakapotea tu bila kumwambia mtu, mwaka unaofuata wanataka kurudi mfumo umewafungia. Ukikwama nenda ofisini siku hiyo hiyo. Na koleji itakuangalia kama unafaulu, kawaida ni wastani wa 2.0 na angalau theluthi mbili ya krediti ulizojiandikisha uzimalize. Texas nayo ina kanuni yake, kwenye vyuo vya umma unaruhusiwa kudrop madarasa 6 tu mpaka umalize digrii ya kwanza, koleji na chuo kikuu kwa pamoja, hivo usijiandikishe matano ukiwaza utaacha mawili.

Wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, mnaosoma hapa, hesabu yenu ni tofauti, Pell hamna, na kati ya krediti zenu 12 ni darasa moja tu la mtandaoni linahesabika. Nitawaandikia siku nyingine.

Cheti chako cha kidato cha sita kipeleke kwa kampuni ya tathmini iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa kampuni zinazotathmini vyeti vya nje, lakini kwanza uliza koleji wanahitaji tathmini ya aina gani, kuna ya jumla ya bei nafuu na kuna ya somo kwa somo. Utafanya mtihani wa TSIA2 wa kukupanga kwenye hesabu na Kiingereza. Usiende kavu kavu kwa sababu "nishamaliza kidato cha sita", kuna mazoezi ya bure, fanya wiki mbili. Usipofikisha alama sio mwisho, wanakuwekea darasa la msaada linaloenda sambamba na darasa lenyewe, ila ni saa za ziada ambazo wewe wa shifti ya usiku huna.

Muhula wa kwanza ningekuwa wewe ningechukua matatu tu, krediti tisa au kumi. ENGL 1301, MATH 1342, na utangulizi wa afya ya jamii. Muhula wa pili BIOL 2401, anatomia na fiziolojia ya kwanza, pamoja na PSYC 2301. Sasa sikiliza vizuri hapa, manake ndo itakayomtuliza mumeo: ukiondoa lile la utangulizi, hayo yote ni madarasa ambayo programu nyingi za unesi nazo huyataka. Kwa mwaka mzima hujafunga mlango wowote. Ukifika mwisho wa mwaka, umekaa kwenye maabara ya BIOL 2401 na umekaa kwenye lile darasa la aiskrimu, utajua mwenyewe lipi lilikufanya usahau kuangalia saa. Anatomia lakini isome ana kwa ana, na usiipange asubuhi baada ya shifti. Nilikuwa na mwanafunzi CNA kama wewe, kila Jumanne anatoka kazini saa moja asubuhi maabara saa mbili, alikuwa analala amesimama na kifaa mkononi. Tulimhamishia maabara ya jioni, alama zikapanda bila yeye kuongeza hata saa moja ya kusoma.

Na ukishafika mbele kuna vyeti vingine vinakusubiri ambavyo vinadai digrii ya miaka 4, nakutajia ili ujue madarasa gani usiyaruke. CHES ya elimu ya afya inataka digrii ya kwanza yenye angalau krediti 25 za mambo ya elimu ya afya. Ukitaka kukagua migahawa, maji na mabwawa ya kuogelea, Texas wanakuita sanitarian aliyesajiliwa, na hapo wanataka digrii yenye krediti 30 za sayansi, kwa hiyo mtu aliyekwepa kemia na biolojia kwa kuogopa atajikuta nje ya geti. Masters ya afya ya jamii ni kama krediti 42 kwenda juu, na hiyo isikuumize kichwa mwaka huu.

Printi ile mipango miwili, ya koleji na ya chuo kikuu, ichoree alama zako za kuuliza, piga picha unitumie kabla hujajiandikisha. Futa namba yako ya mwanafunzi kwanza. Nitakuangalizia, hasa pale kwenye herufi za digrii.